Asante kwa Uvumilivu Wako

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu anataka kila mwanafunzi aandike shajara ya Kiingereza, sentensi tatu kwa siku, ili ulimi ulainike. Nimeshampa zake: mimi ni mzima, hali ya hewa ni nzuri, nalipenda darasa langu. Zote tatu ni uongo. Humu nitaandika kwa Kiswahili yale yasiyomhusu.

Darasa lenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la rangi za nyumba. Kuna kompyuta tisa, na saba ndizo zinazowaka. Asubuhi tunafundishwa Kiingereza cha kila siku, mchana tunafundishwa kutengeneza kurasa za mtandao. Nimejiunga kwa sababu duka la jumla nililokuwa keshia limefungwa, na kwa sababu nikishinda nyumbani na mama mkwe wangu mmoja wetu atatolewa kwa machela.

Mwalimu ni kijana wa koti la bluu, meno yote nje. Ukimwambia kompyuta imezima, anajibu "No worries", yaani usijali. Ukimwambia hujaelewa, "No worries". Mvua ilipoingia dirishani ikalowesha nyaya, "No worries". Nimempachika jina la Nowari, na kufikia saa ya chai darasa zima lilikuwa linamwita hivyo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mama mkwe kasema chumvi imezidi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimetengeneza ukurasa wangu wa kwanza. Unafungua alama, unaweka maneno, unafunga alama. Nilisahau kufunga moja, ukurasa mzima ukawa herufi nene kama tangazo la kifo. Mwenzangu wa meza, kinyozi mwenye mikono laini na mdomo laini zaidi, alicheka mpaka akajifuta machozi.

Lakini nitasema ukweli, kazi hii nimeipenda. Kompyuta haikuchekei usoni. Ukikosea inakwambia umekosea, na inataja mstari. Mama mkwe naye hukwambia umekosea, ila mstari hautaji.

Yeye anakaa chumba namba nne, cha mwisho kabisa, ukuta wake umepakana na mtaro wa maji machafu. Mimi na mume wangu tuko namba tatu. Mume wangu ni dereva wa lori, anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, analala, anakula, anasifiwa na mama yake, anaondoka. Jiko letu ni moja, la nje, na vita vyote huanzia hapo.

Jumatatu, 11 Machi

Somo la leo: namna ya kumaliza mazungumzo kwa adabu. "I'll get back to you." Maana yake kwenye karatasi ni nitakurudia baadaye. Nikauliza, "Mwalimu, baadaye lini?"

"Aa, si lazima siku ijulikane," akasema Nowari. "Ni msemo tu."

"Kwa hiyo harudi?"

"Anaweza kurudi."

"Na asiporudi, unamdai kwa msemo gani?"

Darasa likacheka. Nowari akaniambia nina udadisi mzuri. Sina udadisi, nina hasira. Kwetu mtu akikunyima anakunyima, unajua umenyimwa, unakwenda kwa mwingine. Hawa wanakufungia mlango huku wakikushika bega.

Ijumaa, 15 Machi

Kuna ufa chumba namba nne. Nimeuona leo nilipopeleka maji ya kuoga. Unaanzia chini ya dirisha, unateremka nyuma ya kitanda hadi sakafuni, na ncha ya kidole inaingia. Nikikanyaga karibu, mchanga unadondoka.

"Mama, huu ufa umeanza lini?"

"Ulianza ulipohamia."

Nikameza. Nikamwambia ahamie kwetu mpaka ukuta utengenezwe, mwanawe hayupo, kitanda ni kikubwa. Akaniangalia kwa lile jicho lake la kupima unga. "Unataka chumba changu uweke hizo kompyuta zenu. Mimi si mjinga. Nitatoka humu nikibebwa."

"Basi utabebwa."

"Sema tena!"

Nikasema tena. Tukamaliza dakika kumi tukigombana juu ya neno hilo, na ufa upo pale unatusikiliza.

Nilimpigia wakala wa nyumba, yule wa simu mbili na viatu vya ncha. Akasikiliza vizuri sana. Kisha akasema, kwa Kiingereza, kwamba atanirudia.

Jumatatu, 18 Machi

Dunia ndogo. Leo Nowari ametuletea mteja wa kweli ili tujifunze kwa kazi ya kweli, na mteja mwenyewe ni nani? Wakala wa nyumba, na viatu vyake.

Anataka ukurasa wenye msaidizi. Mpangaji akiwa na shida, badala ya kumpigia simu, aandike ujumbe kwenye ukurasa na msaidizi amjibu papo hapo. Msaidizi si mtu. Ni mistari tutakayoandika sisi: kama ujumbe una neno hili, jibu hivi, vinginevyo jibu vile. Majibu yawe Kiingereza cha kirafiki juu, tafsiri ya Kiswahili chini kwa herufi ndogo. Atakayefanya vizuri kuliko wote atapata kazi ofisini kwake, meza yake na kiti kinachozunguka.

Wakati wa chai nilimfuata. "Chumba namba nne kina ufa, ukuta utaanguka."

Akatabasamu. "Wewe ndiye uliyepiga simu? Sikiliza dada, maliza kozi, uje ofisini, halafu mambo kama hayo utayashughulikia wewe mwenyewe."

Nimelifikiria jibu hilo njia nzima. Ni rushwa, na nimeipokea, maana nimerudi nyumbani nikarudia somo mpaka macho yakauma.

Jumatano, 20 Machi

Mimi ndiye bora. Sijisifu, kinyozi mwenyewe amekiri kwa uchungu. Neno "maji": pole sana kusikia hivyo! Neno "umeme": tunaelewa jinsi inavyokera! Neno "choo": asante kwa kutujulisha! Na mwisho wa kila jibu, "Thank you for your patience", asante kwa uvumilivu wako.

Huo wa mwisho umenishangaza. Unamshukuru mtu kwa kitu ambacho hajakupa. Ni sawa na kuchukua mwavuli wa jirani ukumbini, halafu umshukuru kwa ukarimu wake huku unaondoka nao.

Nikamuuliza Nowari ujumbe wenyewe unamfikia nani. Akasema unaingia kwenye jedwali, na sisi tutausoma kila Jumatatu tuone watu wanatumia maneno gani, ili tuongeze majibu.

"Na wakala?"

"Wakala ana nenosiri."

"Atasoma?"

"No worries," akasema Nowari.

Jumatatu, 25 Machi

Wapangaji wote wametumiwa kiungo kwenye simu. Leo tumesoma ujumbe wa kwanza. Watu wameandika kama waliofunguliwa pingu. Bomba, panya, taa, jirani anayepiga ngoma za kanisa kwenye ndoo. Kuna mmoja aliyeandika "Hujambo mwanangu, mimi ni mama wa chumba namba nne, naomba kujua umeamkaje."

Nilijikuta nimefunika kioo kwa kiganja. Msaidizi, kwa kukosa neno la kushika, alikuwa amemjibu kwa lile jibu la vinginevyo: ni furaha kuzungumza nawe!

Ijumaa, 29 Machi

Wapangaji wamempa msaidizi jina. Wanamwita Bi Sori, kwa kuwa kila saa anasema sori, yaani pole. Mama mkwe amemkubali kuliko daktari wake. Jioni alikaa jikoni na ile simu aliyonunuliwa na mwanawe, akanisomea kwa sauti.

"Sikiliza adabu hii. 'Pole sana kusikia hivyo.' Nimemwambia tu goti linauma. Wewe miaka yote hii umewahi kuniambia pole?"

Nilikuwa nakuna sufuria. Nikaikuna zaidi. "Mama, huyo Bi Sori ni mimi."

Akacheka mpaka kanga ikamteleza begani. "Wewe?"

"Mimi. Nimeyaandika majibu hayo darasani. Hakuna mwanamke humo."

"Niliungua mkono kwa mvuke ukanambia nani alikutuma kufunua. Leo uwe wewe?" Akafuta machozi ya kicheko. "Wivu nao ni maradhi."

Nina mke mwenza, na nimemtengeneza mwenyewe.

Jumatatu, 1 Aprili

Ujumbe wa chumba namba nne, neno kwa neno: "Mwanangu, ufa umekuwa mkubwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta."

Jibu la msaidizi: "Thank you for sharing!" Asante kwa kutushirikisha!

Darasa zima lilivunjika mbavu. Kinyozi akagonga meza. Nowari akasema hapo sasa ndipo tunajifunza, kwamba neno "ufa" halimo, basi nani ataliongeza? Wote wakanigeukia mimi.

Nikasema ujumbe huo apelekewe wakala sasa hivi, na kwamba huyo ni mama mkwe wangu, nyumba ndiyo ninayokaa, ufa ninaujua. Nowari akampigia palepale mbele yetu, hilo simnyimi. Wakala akasema sawa, analo akilini, ila kwa sasa tumpe mama jibu la kumtuliza. Nowari akakata simu, akatabasamu nusu tabasamu. "Andika tu. We're on it. Someone is on the way."

Nikaandika. Kama ujumbe una neno "ufa" au "ukuta", jibu: tunalishughulikia, mtu yuko njiani.

Nilijiambia anaweza kuwa kweli yuko njiani.

Jumanne, 2 Aprili

Hakuja mtu.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Hakuja mtu.

Alhamisi, 4 Aprili

Kidole kizima sasa kinaingia kwenye ufa. Mtaro umejaa, maji yanalamba msingi. Mama mkwe amefagia chumba, kapanga viti viwili, kaweka kitambaa mezani. Nikamuuliza anasubiri wageni gani.

"Fundi. Yuko njiani."

"Nani kasema?"

Akanionyesha simu kwa mbali, kama mtu anayeonyesha hati ya shamba kwa mwizi.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo nimesoma mengine. Ananisema kwa Bi Sori! "Mkwe wangu anatia chumvi kama kalipwa na mwenye chumvi." "Mkwe wangu anagonga masufuria ili nisisikie redio." "Mkwe wangu akivua viatu anavirusha." Vyote mbele ya darasa, na kinyozi anavisoma kwa sauti ya bibi kizee. Katikati kuna mmoja ambao kinyozi aliuruka na mimi nikausoma peke yangu: "Mkwe wangu ananiambia nihame chumba. Wewe unasemaje?"

Ujumbe huo haukuwa na neno "ufa" wala "ukuta". Bi Sori alimwambia ni furaha kuzungumza naye.

Nimeomba tubadilishe jibu la ufa, tuweke "tafadhali hama kwanza." Nowari akampigia tena wakala. Wakala kakataa, kasema ukimwambia mpangaji ahame kuna maswali ya kisheria. Ukimwambia mtu yuko njiani hakuna. Nowari alinieleza haya akiangalia kibodi, na kwa mara ya kwanza hakusema "No worries".

Simuonei huruma. Mtu anayejua kwamba jambo ni baya na bado analifundisha ni mbaya kuliko asiyejua.

Ijumaa, 12 Aprili

Kinyozi kamletea wakala maandazi.

Jumapili, 14 Aprili

Mume wangu amekuja na ameondoka. Nilimpeleka akauona ufa, akaweka ngumi, ikaingia, akashtuka. Akamwambia mama yake ahamie kwetu. Mama mkwe akaanza kulia, kwamba nimemroga mtoto, kwamba nimemtoa jikoni sasa namtoa kitandani, kwamba fundi anakuja na yeye hataondoka fundi akute mlango umefungwa.

"Mama, hakuna fundi," nikasema. "Ni mashine. Nimeiandika mimi, idanganye."

"Mashine haidanganyi! Mtu ndiye hudanganya!"

Nikamwita kichwa ngumu. Akaniita debe la maneno. Nikamwambia ukuta ukimwangukia nitamwombea radhi kwa Kiingereza. Hapo mume wangu akapiga meza, akasema sisi wawili tutamuua kabla ya barabara. Alfajiri akawasha lori. Aliniachia maagizo ya kumbembeleza mama. Mimi, kubembeleza!

Tangu hapo hatusemeshani. Nikimpigia simu anaikata, naisikia kupitia ukutani inakatwa.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Kesho onyesho. Mwenye nyumba mwenyewe atakuja na wakala kuona msaidizi akifanya kazi.

Jumanne, 16 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Tulifika darasani tumelowa. Nowari aliwasha mashine ya kumulika picha, ukurasa wa Bi Sori ukatokea ukutani mkubwa kuliko mlango. Mwenye nyumba alikuwa mzee mnene mwenye mwavuli mzuri. Wakala alimvutia kiti. Kinyozi alimwambia habari za asubuhi kwa Kiingereza, akajibiwa kwa Kiswahili.

Nowari alieleza kwamba ujumbe wa wapangaji ungeonekana pale ukiingia. Tukasubiri. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka unalazimika kupaza sauti. Ukaingia mmoja wa umeme, Bi Sori akajibu. Mwenye nyumba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ukaingia wa bomba, akajibu. Halafu:

"Mwanangu mimi wa chumba namba nne. Ukuta unatoa sauti. Vumbi linaanguka kitandani. Nimekaa hapa namsubiri huyo mtu."

Na Bi Sori, bila hata kuvuta pumzi: "We're on it! Someone is on the way. Thank you for your patience!"

Mwenye nyumba akapiga makofi. "Anajibu haraka huyu!"

Nilikuwa nimeshasimama. Nilipiga simu ya mama mkwe, akakata. Nikapiga tena, akakata. Nikamgeukia wakala. "Mpeleke mtu. Sasa hivi. Uko na gari hapo chini."

Akanijia na lile tabasamu, mkono mgongoni kwangu. "Let's take this offline." Hilo tulikuwa tumefundishwa wiki iliyopita. Maana yake tuliongee pembeni, na pembeni ndipo mambo hufia.

"Ondoa mkono."

"Dada, mgeni yupo."

"Mama yangu yupo chini ya ukuta!"

Nilijisikia nikisema mama yangu. Sikuwa na nafasi ya kusahihisha.

Kufika nyumbani kwa miguu ni nusu saa, na barabara ilikuwa imekwisha kuwa mto. Wapangaji wengine wote wako kazini mchana. Mtu pekee ambaye yule mwanamke anamsikiliza duniani alikuwa pale ukutani, mkubwa kuliko mlango. Nikamsukuma kinyozi atoke kwenye kiti, nikafungua faili la majibu. Wakala akasema nisiguse. Nowari alikuwa amesimama karibu na swichi. Angeweza kuizima kompyuta, na wakala alimwambia aizime. Hakuizima. Alisema tu, taratibu, "Usisahau kufunga alama."

Sikuandika Kiingereza. Sikuandika pole. Niliweka kwamba ujumbe wowote wenye neno lolote ujibiwe hivi, nikahifadhi, na mikono yangu haikukosea herufi:

"Mama, toka humo chumbani sasa hivi. Hakuna fundi anayekuja. Acha redio, acha kitambaa, acha hivyo viti vyako. Ukuta hauna adabu ya kukusubiri umalize kiburi. Nikifika nikakukuta humo ndani, nakubeba mgongoni mbele ya mtaa mzima na hiyo gauni yako ya kulalia yenye kiraka."

Lakini msaidizi hawezi kuanza mazungumzo. Anasubiri kuulizwa. Tukasimama watu wote, mwenye nyumba na mwavuli wake, tukitazama ukuta mweupe. Sijawahi kumwomba Mungu mama mkwe wangu afungue mdomo. Leo nimemwomba.

Ukaingia: "Mwanangu, huyo fundi anakuja saa ngapi?"

Maneno yangu yakatokea ukutani, marefu, ya aibu, pamoja na kiraka. Mtu mmoja nyuma alicheka akanyamaza. Baada ya hapo hakukuwa na ujumbe mwingine kutoka namba nne. Sikusubiri. Niliteremka ngazi bila mkoba.

Nilikimbia maji yakiwa magotini. Kandambili moja ilikwenda na mtaro. Nilipokata kona niliona anga mahali ambapo hapakuwa na anga. Ukuta wa namba nne ulikuwa umelala chini wote, matofali juu ya kitanda, paa limeinama, mchanga wenye maji ukitiririka mlangoni. Nilipiga kelele ambazo sitaki kuzikumbuka. Nilianza kutoa matofali kwa mikono.

"Unatafuta nini humo?"

Alikuwa ng'ambo ya barabara, barazani kwa fundi viatu, amejifunika gunia juu ya gauni ya kulalia, simu mkononi. Redio hakuichukua.

Sikumkumbatia. Nilivuka nikamkaripia kwa nini hakuvaa viatu. Akasema mbona mimi nina kimoja.

Jumatano, 17 Aprili

Nimefukuzwa. Wakala kapiga simu mwenyewe. Kasema si jambo la binafsi, "nothing personal". Kazi kapewa kinyozi. Atakaa vizuri kwenye kiti kile, anajua kuzunguka.

Alhamisi, 18 Aprili

Mama mkwe yuko kwetu, nyuma ya pazia. Anakoroma. Anawasimulia majirani kwamba Bi Sori ndiye aliyemwokoa. Mimi nimekaa, nakatakata vitunguu.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimetengeneza ukurasa wangu. Kompyuta nimeazimwa na Nowari, aliyeileta mwenyewe akiwa amevaa koti lile lile. Sikumkaribisha chai. Aliisimamisha mezani, akasema samahani kwa Kiswahili, akaondoka. Sijui bado kama namsamehe, ila neno lile lilikuwa na uzito wake.

Ukurasa wenyewe hauna mapambo. Juu kuna picha ya kitanda chini ya matofali. Chini yake kuna ujumbe wote wa chumba namba nne kutoka simu ya mama mkwe, na majibu ya Bi Sori kama yalivyokuwa, tarehe kwa tarehe. Sikuongeza neno langu hata moja. Kufikia mchana wapangaji walikuwa wameutuma mpaka kwa mwenye nyumba. Saa nane wakala akapiga simu, Kiingereza chote kimemkauka.

"Dada, utatoa lini ile picha?"

Kabla sijajibu mama mkwe alininyang'anya simu. Akaiweka mdomoni kabisa, akakohoa, akamwambia kwa Kiingereza chake alichokisoma kila siku kwa majuma matatu: "Thenki yu fo yo peshensi." Akakata.

Ijumaa, 3 Mei

Mafundi wamekuja, wanne, na saruji. Mvua imepungua.

Jumamosi, 4 Mei

Jioni tulikuwa jikoni sisi wawili. Nilikuwa nimejizuia siku zote hizi, nikashindwa.

"Mama, kwa nini ulitoka siku ile?"

"Niliambiwa."

"Nilikwambia mimi majuma mazima, hukutoka. Mwanao alikwambia, hukutoka."

Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Bi Sori siku zote alikuwa ananipa pole," akasema. "Pole, pole, mtu yuko njiani. Mimi nikakaa. Siku ile nikaona kaanza kunitukana, mpaka kiraka cha gauni yangu anakijua. Nikasema aa. Basi ni yule."

"Yule nani?"

"Mwenye kurusha viatu." Akatupa jiwe dogo nje. "Anayekusemesha vizuri anaweza kuwa popote. Anayekufokea vile, huyo kweli yuko njiani. Nikatoka nikungojee."

Nilifunua chungu, mvuke ukaniingia machoni, nikasema ni mvuke. Alichota kijiko, akaonja, akakunja uso.

"Chumvi imezidi," akasema.

Nikamwambia apike mwenyewe.